Kifungua Kinywa cha Trimo

Mji mzima wa Klaten hakuna bibi anayenishinda kuendesha pikipiki. Leo asubuhi nimeingia nayo kwenye mpunga wa watu, mimi na kapu zima la tempe, ile mikate yangu ya soya iliyochachuka.

Lasmi, mkwe wangu, soya iko majini, itoe maganda. Usilie, sijavunjika. Nilibana breki pale kwenye kona, paipu ya mpira ikapasuka, mafuta ya breki yakamwagika yote. Walionipokea ni bata.

Trimo mwanangu, juzi nilikuuliza kama paipu zangu za breki, zile zilizosukiwa waya wa chuma, zimefika. Ukanijibu, "Bado, Mama, dukani wanachelewesha." Haya.

Chakula chako kiko chini ya kawa. Ni ile paipu ya mpira iliyopasuka. Itafune na pilipili. Lasmi, asipewe wali!

Pikipiki yako nimeichukua, naipeleka kwa fundi, yangu iko huko tayari. ~~Nimekusamehe.~~ Sijakusamehe. Yako itarudi bila paipu za breki. Utakuwa unaiosha na kuitazama tu, kama yule njiwa wako wa tunduni.

Nimejuaje? Nilikuwa bado natoa matope masikioni, jirani yetu Parti akaja kurudisha bakuli. "Mbah, bibi yetu, asanteni kwa uji mwekundu na mweupe! Trimo alituletea jana, eti ni wa kuziombea baraka paipu mpya za chuma alizofunga kwenye pikipiki yake."

Mimi mama yako, ambaye huo uji hukumletea.