Kunde za Mbegu Ulizopika

Muthama, kwani siku hizi redio ndiyo inalima shamba letu?

Kunde ulizopika ziko kwa sufuria, mimi sikuonja. Mjukuu wangu Syokau akitoka shule apewe uji kwanza, ndio akafungue mbuzi.

Nikiwa kisimani asubuhi ulisikia kwa habari ati mvua itachelewa wiki tatu. Ukashusha kibuyu changu cha mbegu, ukaosha jivu la kuzuia wadudu kama uchafu, ukapika mbegu yote! Ati, "Mama, tutanunua ingine." Mwanangu, huyo mtu wa habari anakaa Nairobi, hajui goti langu. Linauma tangu juzi, na siafu wanahamisha mayai; mvua iko karibu. Sisi tunapanda udongo ukiwa mkavu, mvua itukute tumemaliza.

Nimeenda Kikima kwa dada yangu kuomba mbegu. ~~Mawe ya redio nimeyatupa.~~ Mawe ya redio, hizo betri, niko nayo kwa kiondo, usiyatafute. Jembe liko nyuma ya mlango.

Wacha niseme. Nilitaka mwaka huu tupande pamoja, wewe ukichimba mashimo, mimi nikitia mbegu. Peke yangu siwezi tena kuinama.

Mama yako, susu wa Syokau