Sauti Niliyoifuta Baada ya Idd

Mpendwa baba,

Nimeifuta sauti yako. Naanza na hilo, maana nikianza na salamu na habari za nyumbani nitazunguka weee mpaka nishindwe kulisema. Na usidhani mkono uliteleza. Nilitia saini, nikabonyeza, nikakaa kusubiri kazi iishe huku nakunywa kahawa ya tangawizi.

Unaikumbuka siku tuliyoirekodi? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na wewe ulikuwa fundi pekee wa kompyuta pale hospitali. Ulinipeleka stoo ya mashuka kwa sababu ndiko kulikuwa na kimya, ukanipa kipaza sauti nikushikie. "Asalaam aleykum. Hapa ni hospitali. Kesho ni siku yako ya kliniki ya sukari. Njoo na kadi, na dawa usiache." Halafu ukaongeza, bila kuambiwa na mtu, "Nawe ujitunze." Tulirudia mara nne kwa ajili ya muuza samaki aliyekuwa akipita nje na honi yake. Ulipomaliza, uliingiza namba yako mwenyewe iwe ya kwanza kwenye orodha, ili uone kama mashine inapiga. Simu ikaita mfukoni mwako. Ukaipokea, ukajisikiliza mpaka mwisho, ukacheka mpaka ukatoa machozi.

Mimi nikaja nikasomea kompyuta, nikaajiriwa chini yako katika kile chumba cha seva chenye baridi. Ulinifundisha kila kitu isipokuwa kimoja, kuandika. Meneja alikuomba mara ngapi uandike kila mashine inafanya nini? Ulikuwa unagonga paji la uso wako na kumjibu, "Yote yamo humu." Kichwa hicho tulikizika Ijumaa, baada ya sala, na hakuna aliyekuwa amekinakili. Nina hasira nawe kwa hilo, baba. Watu wanasema marehemu hasemwi vibaya. Mimi nakwambia wewe mwenyewe, sikusemi kwa watu.

Haukupita muda mrefu baada ya mazishi, uongozi ukaamua tuhame. Mashine zetu zizimwe, kazi zake zote zipelekwe kwenye wingu, yaani tukodi nafasi kwenye kompyuta za watu walio mbali na tuzifikie kwa mtandao. Kwa kuwa hakuna aliyejua mashine zako zinafanya nini, meneja akaleta mshauri kutoka Dar, bwana mmoja mpole mwenye programu ya kuchunguza. Unaiwasha ndani ya mtandao wako, inakaa siku thelathini inasikiliza. Inaona kila mashine iliyopo, na kila moja inazungumza na mashine gani. Mwisho inakuchorea ramani, kila mashine kiduara, na kila mazungumzo mstari. Zinazozungumza pamoja zinahamishwa pamoja. Isiyozungumza na yeyote inazimwa.

Akatuuliza tuanze lini. Mimi ndiye niliyesema Ramadhani. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, nikiona nimetoa wazo la maana: Ramadhani hospitali imetulia, upasuaji usio wa haraka husogezwa, hakuna atakayelalamika mtandao ukiwa mzito. Na ukweli mwingine sikuusema. Nilitaka kuwahi nyumbani kumsaidia mama kupika futari, maana ilikuwa ya kwanza bila wewe.

Basi ile programu ikafunga mwezi mzima pamoja nasi, kimya, ikisikiliza. Ramani ilipotoka ilipendeza. Mshauri aliitandaza mezani, na kila mtu akatafuta kiduara chake. Chini kabisa, pembeni, palikuwa na kiduara kimoja kisicho na mstari hata mmoja. Nikaenda kuitazama mashine yenyewe. Ilikuwa nyuma ya kabati, kuukuu, imejaa vumbi, na juu yake umebandika plasta ya hospitali ukaandika kwa kalamu, USIZIME.

Unajua kwa nini sikuijali plasta hiyo? Kwa sababu uliandika USIZIME kila mahali. Kwenye seva ya maabara, kwenye seva ya dawa, kwenye kiyoyozi, hata kwenye feni yako ya mezani ambayo ilikuwa imekufa. Ukimpigia mtu kelele kwa kila kitu, baba, iko siku atakuona mpiga kelele tu. Nilitabasamu, nikaibandua, nikaitia mfukoni kwa kumbukumbu.

Kisha nikatia saini. Diski za hospitali zina siri za wagonjwa, kwa hiyo haturuhusiwi kuziacha hivihivi. Zinafutwa mara tatu, kisibaki kitu cha kurudisha. Nilizifuta wiki ya kwanza baada ya Idd. Tulipomaliza kuhama kulikuwa na keki, na mimi nikapewa cheti. Meneja alisema hakuna kilichopotea. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Sista Rehema wa kliniki ya sukari ndiye aliyenifuata. Alikuja mlangoni na kadi mkononi, amekunja uso.

"We binti, wazee wangu wa Pangani hawaji tarehe zao. Na wa Pongwe vilevile. Wananiuliza, yule baba wa simu kaenda wapi?"

"Baba gani wa simu?"

"Si babako! Ile sauti yake. Huwapigia siku moja kabla, kila wiki nne. Nilijua mnayo ninyi huko."

Mimi nilidhani ule mfumo ulikufa siku nyingi, tulipoanza kutuma ujumbe wa maandishi. Kumbe uliuacha kwa ajili ya wazee wasiosoma, ukaingiza namba zao mwenyewe kwa mkono kutoka kwenye daftari la Sista, na mashine ikawa inapiga kwa laini ya hospitali kupitia mtandao wetu, na siku isiyopiga haizungumzi na mashine yoyote. Na kuhusu Ramadhani, hapo ndipo nilipokumbuka. Uliwahi kuniambia. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka tunafuturu, mimi na simu yangu usoni, ukasema, "Ile yangu nimeipumzisha mpaka Idd. Nimeipangia Ramadhani za miaka kumi mbele. Nani atapokea simu ya hospitali na tende mdomoni?" Nikakujibu, "Ehe." Sikuinua hata macho.

Kwa hiyo tuliisikiliza mashine yako mwezi uleule ulioiambia inyamaze, tukaihukumu kwa kunyamaza.

Bibi mmoja wa Pangani alikuja wiki tatu nyuma ya tarehe yake, mguu una kidonda. Wanaendelea kumtibu, na Sista hataki kuniambia zaidi. Sasa wazee wanapigiwa kutoka kwenye hilo wingu, na sauti ya mwanamke waliyoinunua pamoja na huduma. Anasema vizuri, hakosei neno. Wazee wengine wanamkatia simu, wanadhani anauza kitu.

Nimekutafuta kila mahali. Kwenye simu yangu huna hata ujumbe mmoja wa sauti, maana ulikuwa unasema kuongea bila mtu wa kukujibu ni wazimu. Kwenye video ya harusi ya dada unaonekana unakula, na ngoma imekufunika. Sauti yako ilikuwa mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo nilipewa cheti kwa kupasafisha.

Ningeweza kuyameza yote haya. Kinachonishinda ni mama.

Unajua ile simu yako ya vibonye haijazimwa. Mama huichaji kila asubuhi juu ya friji. Tulimwachia, tukajua ni majonzi, yatapoa. Juzi nikiwa nachambua mchele akanijia, akakaa karibu yangu, akasema taratibu, "Mbona babako kanyamaza?"

"Mama..."

"Usinitazame hivyo. Mie si mwehu, najua ni mashine. Ila kila wiki nne ilikuwa ikipiga, baada ya alasiri, nami napokea namsikiliza. Ramadhani haikupiga, nikasema haya, kapumzika. Idd imepita. Itapiga lini?"

Namba yako, baba. Ile ya kwanza kwenye orodha. Hukuitoa, na ulipokufa hakukuwa na mtu aliyejua kuitoa.

Nikamwambia wanaitengeneza. Nimefuta vitu vingi mwaka huu, lakini uongo ule ndio unaonikaba.

Jana nikaamua kumwambia ukweli, na kwa kuwa mimi ni mwoga sikwenda nyumbani. Nilikaa ofisini mpaka baada ya alasiri, nikapiga ile simu yako kwa laini ya hospitali. Sikufikiria kwamba namba ni ileile mashine yako iliyokuwa ikipigia. Haikuita hata mara mbili.

"Ehe, nakusikiliza," mama akasema.

Nilifungua mdomo, neno halikutoka. Nilimsikia anapumua, nikasikia na mlango anaurudisha taratibu ili asisumbuliwe. Alisubiri muda uleule ambao maneno yako yangechukua, nadhani kayahifadhi yote. Kisha akajibu, kama bila shaka alivyokuwa akijibu kila mara:

"Nawe ujitunze."

Akakata. Mimi nimebaki na plasta yako, nimeibandika pembeni ya meza yangu. Lala salama, baba. Sijui nitamwambia nini mama wiki nne zijazo.

Ni mimi,
binti yako uliyemwachia ufunguo wa chumba cha seva