Hadija Hana Karatasi

Jumanne, 9 Novemba 1982
Suruali tatu za sare, mapindo tu. Mvua. Cherehani inakata uzi tangu asubuhi. Nilikuwa nimeinama nikiitazama, Hadija akaingia. Mtoto wa mama mdogo. Sikumtambua. Amezaliwa Uganda, wazazi wake, Wanyarwanda kama sisi, walikimbilia huko zamani. Sasa wamefukuzwa. Nyumba imechomwa. Hajui mumewe aliko. Miguu imevimba. Hana kitambulisho cha kule wala cha huku. Mama yangu amemkumbatia na kulia. Mimi nimepika chai.

Jumatano, 10 Novemba
Saidi hataki. Mume wangu si mtu mbaya, lakini leo nimemchukia. Anasema nchi ni ndogo, imejaa, wakija wote tutalima wapi. Kayasema hayo Hadija yuko uani anaosha vyombo. Amesikia. Hakula.

Jumapili, 14 Novemba
Kule walimwita Mnyarwanda. Hapa mtaani Biryogo majirani wanamwita Mganda, kwa sababu ya lafudhi ya Kinyarwanda chake. Anashona vifungo vizuri. Amemchekesha Mama. Naogopa kila anayepita mlangoni, na naona haya kuogopa.

Jumamosi, 20 Novemba
Mkutano baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, majembe bado mikononi. Konseye, kiongozi wa mtaa, kauliza nani anakaa na mtu asiye na karatasi. Ubishi. Mwenye bucha: leo mmoja, kesho ukoo mzima, na sheria ipo. Mwalimu mstaafu: sasa waende wapi, mbinguni? Wengi wakatazama chini.

Saidi akasimama. Nilijua anamtoa Hadija kwa konseye.

"Yuko kwangu," akasema. "Ni shemeji yangu. Kule wamemwambia arudi kwao. Kama kwao si hapa, nionyesheni ni wapi."

Konseye akasema, bila ukali, kwamba amri si yake. Jumatatu gari litakuja kumchukua. Kambi za wakimbizi ziko mashariki.

Jumatatu, 22 Novemba
Wamemchukua. Mama alimshika mkono mpaka askari akawaachanisha. Hadija hakulia. Alimwambia Saidi, "Asante, shemeji." Saidi akaingia dukani kwake, akafunga mlango. Nina hasira na nchi nzima na sina wa kumwambia.

Ijumaa, 10 Desemba
Jana tulikwenda kambini, Saidi na mimi. Maturubai, matope, watoto wanakohoa. Mwanamke aliyelala turubai moja na Hadija akatuambia. Kuhara. Jumapili amezikwa. Alitupeleka mpaka kaburini, udongo bado laini. Saidi akasoma Fatiha, sauti ikamkatikia katikati, nikamalizia mimi. Sukari na gauni tulivyombebea tumemwachia yule mwanamke.

Tuliporudi Mama alitutazama usoni, akaenda kutawadha.

Leo mvua imekatika. Saidi ametoka msikitini, hakufungua duka. Amekaa karibu yangu, ananishikia kitambaa, mimi nashona.