Mimi Si Daktari wa Homa

Mshauri mpendwa, nakuandikia kutoka Rissne, kitongoji cha Stockholm, nikiomba msaada, na jina la ukoo usilisome redioni maana Wakongo wa Stockholm tunajuana. Miaka kumi na mmoja nimechunguza kimelea cha malaria, hasa protini moja inayokiwezesha kunata kwenye kuta za mishipa ya damu, kazi hiyo ndiyo iliyonipa shahada ya uzamivu na jina la Daktari, lakini kanisani hawaelewi, huyu ananionyesha vipele, yule ananiuliza presha, nimechoka nao na kusema kweli nawadharau. Agosti hii ya 2009, Jumapili mchana, nikiwa naandika makala, Concessa wa Alby, kitongoji kingine cha hapa, Mrundi tunayeimba naye kwaya, alinipigia: "Dada Olive, Aurore wangu ana homa siku ya tatu na anatapika, tulirudi kutoka Bujumbura wiki mbili zilizopita, nifanye nini?" Nikamjibu, "Mama Aurore, mimi si daktari wa homa, nachunguza molekuli," nikakata simu, naye kwa aibu akangoja mpaka Jumanne, mtoto akapoteza fahamu, kumbe malaria imepanda kichwani. Amepona, ila sikio moja halisikii tena. Sasa Concessa hanisalimii na kwaya nzima imeninunia. Nitawaelezaje watu hawa tofauti ya utafiti na tiba?

Olive

Dada Olive,

Tofauti hiyo Concessa anaijua. Hakukuomba dawa. Aliuliza afanye nini, na wewe ulilijua jibu kuliko mtu yeyote kwenye simu yake: mpeleke hospitali sasa hivi, waambie ametoka Burundi. Maneno hayo hayahitaji shahada. Wewe ulikuwa na makala.

Kuulizwa vipele kila Jumapili kunachosha, pole. Lakini ukiomba fedha za utafiti, bila shaka unaandika kwamba watoto wa Afrika wanakufa. Mmoja wao alikuwa Alby, mama yake yuko kwenye simu, ukamkatia.

Jumamosi panda treni uende kwao. Usipige simu kwanza. Mlangoni sema, "Nilijua, nikanyamaza, nisamehe," na usiongeze "lakini". Asipokufungulia, rudi Jumamosi inayofuata. Kisha mwombe mchungaji dakika kumi kabla familia hazijaanza kusafiri kwa likizo Juni ijayo, uwaeleze kwa Kiswahili chepesi homa baada ya safari ni hatari kiasi gani.

Usitegemee makofi. Kwaya inaweza kukununia mpaka Pasaka, na itakuwa na haki.