Sote kwa Jina la Sadala

Jumatatu, 3 Machi 2025

Swaumu ya pili na tayari nimegombana na mashine.

Jana nilisasisha seva ili watu wakija leo wakute kila kitu tayari. Wamekuta hakuna kitu. Kompyuta ya studio, ile ya kuchanganyia sauti, inasema folda ya Vipindi haipo. Ipo! Naiona kwa macho yangu kwenye seva, na mafaili yote ndani yake. Ila Samba, hii programu inayogawa folda za seva kwa kompyuta nyingine, toleo jipya limekataa kuongea lugha ya zamani. Na kompyuta ile ni ya zamani, haijui lugha nyingine.

Ningeweza kuongeza mstari mmoja na kuiruhusu, watu wote wakafurahi. Lakini lugha ile ni tundu, na wezi wa mtandao wanalijua. Nimekataa. Nimeifuta Windows yake ya kale nikaweka Linux. Mchana kutwa, koo kavu. Mama Glory, meneja wetu, alikuja mara kadhaa kusimama nyuma yangu bila kusema neno. Kwake hiyo ndiyo kuuliza.

Imefunguka alasiri, Sadala akatangaza kipindi chake cha kilimo kwa wakati. Hakuna aliyeshukuru. Mtu wa kompyuta huonekana siku ya ubovu tu. Sawa.

Handeni nao wamepiga. Studio yao ndogo hunakili folda yetu yote ya hapa Korogwe kila usiku, nao wawe na yao. Jana haikunakili. Nimeahidi kwenda.

Jumanne, 4 Machi

Nimewasha kitu nilichotaka kukiwasha zamani: seva iandike nani kafungua faili gani, nani kabadilisha, nani kafuta. Baadaye nikasoma. Sadala kafungua. Sadala kabadilisha. Sadala kahifadhi taarifa ya habari. Sadala kapakia marudio ya kipindi cha Kimaasai — Sadala huyu wa Kwaluguru, Mzigua wa kuzaliwa!

Nikamfuata. Nilipofunga seva yeye ndiye alikuwa wa kwanza kupewa akaunti, na kila aliyemwomba paswedi akampa. Wengine nao wana zao, niliwapa mwenyewe, hawajawahi kuzigusa. Kompyuta ya studio ndiyo kabisa, jana baada ya Linux yeye ndiye aliyejaza paswedi, na sasa ukiiwasha tu inaingia kwa jina lake bila kuuliza. Kwa nini umewapa? Akanishangaa. Mtu kasimama mbele yako anataka kufanya kazi, utamnyima? Mimi si bahili, dada.

Hasira zikaniisha palepale. Kwetu Sindeni jirani akija kuomba moto humuulizi jina. Mimi ndiye nataka watu waishi kama seva inavyotaka. Lakini seva haina habari na ukarimu. Inalijua jina lililopita mlangoni, basi.

Nimetangaza kwamba kuanzia Jumatatu ijayo kila mtu na jina lake. Wamenung'unika. Kuna aliyesema namfanya Sadala aonekane mwizi.

Jumatano, 5 Machi

Nemayian amerudi kazini. Alikwenda kumzika bibi yake, mama mzaa baba, huko kwao kwenye mbuga za Handeni. Nimempa pole. Akasema ameshapoa. Kisha akakaa mbele ya kompyuta bila kuiwasha.

Bibi huyo namjua kwa sauti. Nemayian ndiye mtangazaji wa kipindi cha Kimaasai, na mwaka mzima kila akienda nyumbani alibeba kinasa sauti, bibi akasimulia. Folda inaitwa Sinyati, jina la bibi mwenyewe. Mimi Kimaasai sijui zaidi ya salamu. Lakini nikihamisha mafaili huwa nafungua moja kuhakikisha liko salama, na kila mara namkuta bibi anacheka kabla ya kuanza.

Mama Glory ameamua: Jumamosi ni Siku ya Wanawake, kipindi ni sauti ya bibi. Kamwambia Nemayian mbele yetu sote, kwa upendo kabisa, mpaka machozi yamemlengalenga mwenyewe. Nemayian akasema sawa mama.

Handeni wamepiga tena. Bado hawapati nakala. Nitakwenda, nitakwenda!

Ijumaa, 7 Machi

Folda ya Sinyati haipo.

Nilidhani ni macho ya njaa. Nikaingia kwenye seva yenyewe, nikatafuta kila kona. Si ruhusa zimevurugika, si Samba imeificha. Imefutwa. Na seva hii haina pipa la taka. Kinachofutwa kupitia mtandao kimekwenda. Akiba yetu ni Handeni, na Handeni huiga kila kitu, hata kufuta. Kikifutwa huku, usiku kinafutwa kule. Hivyo ndivyo nilivyoitengeneza mwenyewe.

Mama Glory akaniita. Si umesema sasa seva inaandika? Nani? Nikamjibu imeandika Sadala, jana jioni, kutoka kompyuta ya studio, lakini — na hapo kwenye lakini ndipo alipokwisha kuinua simu. Kilichofuata, kwamba sote tunapita kwa jina hilo, hakukisikia. Namlaumu, na najilaumu zaidi. Ningeanza na lakini.

Sababu watu wanayo tayari. Katika kipindi kimoja bibi alisema njia ya ng'ombe kwenda majini ilipita palepale penye mashamba ya Kwaluguru siku hizi. Kaka zake Sadala wanalima hapo. Mwezi uliopita Sadala alipinga kikaoni, tena kwa sauti ya juu, kwamba redio isirushe maneno ya upande mmoja. Sasa kila mtu anaikumbuka ile sauti ya juu. Wasiofunga wamekunywa chai jikoni, watu wa wafugaji huku, watu wa wakulima kule. Ofisi hii sijawahi kuiona hivyo.

Sadala ameambiwa akae nyumbani. Jumatatu kikao, na kama hana maelezo hana kazi. Mtu wa miaka yote hii hapa, aliyefundisha nusu yetu kushika kipaza sauti! Alipopita mezani kwangu aliuliza kitu kimoja tu, kama mimi naamini. Nikasema siamini. Akasema basi niiambie na seva yangu.

Nimeumia.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Wamepiga muziki tangu asubuhi.

Nimeyasoma tena maandishi ya seva, safari hii naangalia saa, si jina. Folda imefutwa Alhamisi, mara tu baada ya adhana ya magharibi. Wakati huo sote tuliofunga tulikuwa uwani nyuma ya ofisi, kwenye mkeka. Sadala ndiye aliyekuwa anapakua uji wa pilipili manga. Alikuwa ananitania kwamba nakula tende kama nazifanyia ukaguzi. Tukatoka pamoja kwenda kuswali. Studio hakukanyaga. Nitalisema kikaoni, na wenzetu wa mkekani watalisema.

Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Maana ukimtoa Sadala unamweka nani? Mama Glory na wengine wasiofunga walikwishaondoka. Aliyebaki ndani saa ile ni mmoja, Nemayian.

Nimekaa na jambo hili mchana mzima. Kazi yake mwenyewe, bibi yake mwenyewe, kwa nini? Na kwa nini amenyamaza wakati mwenzake anafukuzwa? Nilitamani nisingewasha yale maandishi. Niliyawasha nikidhani yataleta amani, kila mtu na lake. Sasa kumsafisha mmoja ni kumchafua mwingine, na kitambaa ninacho mimi.

Halafu nikiwa nakuna nazi ya futari nikakumbuka — Handeni hawanakili! Wiki nzima wanalalamika hawanakili, nami nawapiga kalenda. Kompyuta yao bado inaomba kwa lugha ya zamani, seva inaikataa, na skripti yangu, yale maagizo yanayoendesha kunakili kule, ina amri moja: usipoiona Korogwe, usiguse kitu. Kwa hiyo ule ufutaji wa Alhamisi haujafika kule. Ubovu niliokuwa nauonea aibu!

Nimempigia Mustapha, mlinzi wa studio ya Handeni, mtu yeyote asiiguse ile kompyuta. Akauliza kama ina shoti. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 9 Machi. Handeni

Naandikia kwenye baraza ya studio.

Nilifika asubuhi, Mustapha akanifungulia huku amesimama mbali, anaogopa shoti. Nikawasha skrini. Ipo. Folda nzima, mafaili yote. Nilifungua moja, bibi akacheka, nami nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuchomoa kebo ya mtandao. Kuutengeneza ubovu ni kazi ndogo mno, ni kubadilisha neno moja kwenye mstari mmoja. Nikibadilisha, usiku nakala inaifuata Korogwe na bibi anaondoka. Miaka yangu yote kazi ni kuunganisha vilivyokatika. Leo nimekaa nalinda kilichokatika.

Kisha nikampigia Nemayian. Yuko kwao tangu juzi. Sikumwambia kuhusu mafaili, nilimwambia tu Sadala hakufuta, na mimi najua hakufuta. Akasema anakuja.

Amekuja kwa bodaboda, amejifunga shuka juu ya gauni la ofisini. Hakukaa. Alisema yote akiwa wima, kama anasoma taarifa.

"Baba ndiye alinikataza, dada Hajira. Kwetu mtu akishazikwa jina lake halitajwi ovyo. Hilo nilikuwa nalijua. Nikamuuliza, na sauti je? Akasema wazee hawakuacha neno juu ya sauti, kwa sababu sauti ilikuwa inaondoka na mwenyewe. Basi na ya mama yangu iondoke."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Mama Glory.

"Ulimwona alivyofurahi. Ningemwambiaje, mbele za watu? Nikaona zisipokuwepo hakuna wa kubishana naye. Nilifuta mkiwa mnafuturu, nisiulizwe. Lile jina la Sadala sikujua, wallahi... sikujua kama linaandikwa. Mimi nimewasha kompyuta tu, kama siku zote."

Kweli, hakujua. Nani alimwambia? Tangazo langu la Jumanne alikuwa msibani. Lakini Ijumaa alijua, nikamwambia hivyo, na sikumpunguzia. Ijumaa uliona kaka Sadala anabeba begi lake. Akasema aliona. Akasema tangu siku hiyo hajala vizuri, na kila akishika simu ampigie Mama Glory anaona uso wa baba yake. Akilia sauti haitoki, machozi tu. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa wakati mmoja, na zote mbili bado ninazo.

Baba yake, mzee Moreto, nimewahi kumwona mara moja, alimleta bintiye siku ya kwanza ya kazi. Mtu mpole. Kwa hiyo hata wa kumkasirikia huko sina. Na mimi nimeandika jina la marehemu humu wiki nzima. Sitalikata, limeshaandikwa. Leo naandika bibi.

Akauliza kama kweli zimekwenda zote.

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikaribia kabisa. Baba yake angeridhika, yeye angepona, Sadala ningemtetea mwenyewe kikaoni kwa ushahidi wa mkekani. Na nakala angekaa nayo nani? Mimi niliyefunga kompyuta? Mafaili nimeyatunza mwaka mzima mpaka nikajiona ni yangu. Si yangu. Wala si ya Mama Glory. Sijui hata kama ni ya Nemayian, lakini yuko karibu zaidi kuliko sisi.

Nikamwambia zipo. Nikamwonyesha kiti.

Nilimwambia na mengine. Kwamba akizifuta hapa, basi, hakuna pengine. Kwamba sitamzuia na sitamsaidia. Na kwamba la Sadala ni lake kulisema, kabla ya kikao, kwa mdomo wake, na akishindwa nitalisema mimi. Akaitikia kwa kichwa. Nikatoka nikamwachia chumba.

Amekaa kitambo bila kugusa kitu, namwona dirishani. Mustapha anauliza kama huyo dada hatapigwa na shoti.

Amebonyeza. Nilidhani anafuta.

Bibi anacheka. Sasa anakohoa kidogo, sasa ameanza. Sauti imejaa mpaka huku barazani, spika za studio hizi. Nemayian ameinamisha kichwa mezani. Hazimi.

Simu yangu inaita. Mama Glory. Anataka maelezo ya kesho, najua. Nimeingia nikaiweka mezani mbele ya Nemayian ikiwa inaita. Sikusema kitu, nimerudi kukaa hapa.

Ameipokea. Shikamoo mama. Spika hakuzipunguza, kwa hiyo Mama Glory kule Korogwe lazima anasikia. Kuna swali ameulizwa. Nemayian anapangusa uso kwa shuka.

"Ndiyo mama, ni yeye." Swali jingine. "Hapana, hakupotea. Nina neno kuhusu kaka Sadala, mama, nitakwambia sasa hivi. Ila naomba usubiri kidogo. Bibi hajamaliza kuongea."