Hera, Juno na Kichwa Kilichofunikwa

Mtaa wa Wafinyanzi,
Neapoli, Italia.
Msimu wa zabibu, mwezi ukiwa mpevu.

Mpendwa mpwa wangu Dameti,

Hujambo wewe? Na dada yangu, mama yako, bado anakoroma hadi watu wa Rodo wanadhani bahari imechafuka? Mimi mzima. Goti la kushoto limeniasi, ila mdomo unafanya kazi ya viungo vyote.

Zabibu mwaka huu ni tamu. Yule mbuzi wa pembe moja alikufa, tukamla.

Sasa habari yenyewe. Mjukuu wangu Mirto amechumbiwa na Mrumi, kijana Numerio. Kijana hana neno, mgumu ni baba yake, Vibio, muuza mafuta ya zeituni. Tulikwenda madhabahuni kuwaombea watoto kwa Hera, mungu wa ndoa, ambaye Warumi humwita Juno. Mimi kichwa wazi na taji langu la majani, kama Myunani yeyote. Yeye akavuta nguo, akajifunika hadi utosini.

"Mzee, funika kichwa. Unamvunjia Juno heshima."

"Wewe ndiye unayemfichia Hera uso kama mwizi wa kuku."

Akabeba ubani wake, akasema ndoa hakuna. Mirto akalala bila kula.

Kesho yake nikamfuata dukani.

"Mkwe, huyo Juno wako ana mume?"

"Usiniite mkwe. Anaye, Jupita."

"Anarusha radi?"

"Anarusha."

"Na wanawake wa nje?"

Akakohoa. "Husemwa hivyo."

"Mkewe ana wivu, na anafuga tausi?"

"Anafuga."

"Basi ni mama yuleyule, kahama mtaa tu. Na mumewe ndiye Zeu wetu, hata tabia hakubadilisha."

Alicheka, Dameti, kisha akakumbuka kwamba amenuna. Akasema mama ni mmoja, sawa, lakini kichwa atafunika. Nami nikasema changu kitabaki wazi. Nikarudi nyumbani mshindi, nikamkuta Mirto hajagusa hata mkate.

Basi nikamtumia Vibio ujumbe, turudi madhabahuni asubuhi. Nikajifunika joho langu kuukuu linalonuka mbuzi, macho sioni, nikaomba kama Mrumi. Sauti ya Vibio ikaniambia, "Mzee, sogea, unanikanyaga." Nikachungulia. Amesimama kichwa wazi, upara unang'aa, na taji la majani limemkaa upande. Mtu mzima yule alikuwa anaona haya kama mwali.

Tulimwaga divai, mimi kwa Juno wake, yeye kwa Hera wangu, na Mirto ataolewa zabibu zikishakamuliwa. Njoo ule.

Msalimie mama yako, na mkeo Kleo, na yule shemeji yako anayejidai mganga. Hera akulinde, au Juno, yeyote atakayewahi kusikia.

Wako akupendaye,
mjomba wako Filisko.