Kwa Mama Yetu, Fundi wa Fuwele Aliyesimamisha Gari

Mama,

Mwaka umetimia tangu mchana ule ulipojinyoosha kwenye kiti cha sebuleni, ukasema unapumzika kidogo, na hukuamka tena. Tumelia vya kutosha. Leo tunataka kukukumbuka kwa uso mkunjufu, maana mtu mwenye uso wa kununa hukumvumilia hata dakika tano.

Kwa miaka ishirini na tisa ulikaa meza ya pili kutoka dirishani, kwenye karakana ya vioo vya hadubini. Kazi yako ilikuwa fuwele za kalsaiti, lile jiwe linalong'aa kama maji yaliyoganda. Ulituwekea kipande juu ya gazeti, na kila herufi ikaonekana mara mbili, kwa sababu mwanga ukiingia humo hugawanyika na kushika njia mbili. Wewe ulilikata jiwe mshazari, ukalisugua, ukaunganisha nusu zake kwa gundi, ili mwanga mmoja utupwe pembeni na mwingine upite. Hiyo ndiyo prizimu. Jiwe lenyewe ni laini, pete tu hulikwaruza. Basi kila asubuhi ulimwachia Baba pete yako ya ndoa na kumwambia, "Nitunzie, na usije ukaoa nayo mwingine."

Ulirudi na vumbi jeupe kwenye nyusi. Siku moja kitinda mimba wako aliweka kipande cha fuwele juu ya karatasi ya mtihani wa hesabu, ili ile thelathini yake ionekane mara mbili. Ukainama, ukaitazama, ukasema, "Kumbe umefeli mara mbili." Sasa ni mtu mzima na ndevu zake, lakini tukimkumbusha bado anahama meza.

Hadithi tunayoirudia zaidi ni ya lile gari.

Ilikuwa imebaki miezi minane ustaafu. Karakana ilikuwa na prizimu arobaini za kupeleka hospitalini, za hadubini zinazowasaidia wapimaji kutambua jongo, maradhi ya kuvimba viungo, katika maji ya viungo vya mgonjwa. Ijumaa ulikuwa unaunganisha ya mwisho simu ikaita: dada yetu mkubwa amejifungua salama. Ukapiga kigelegele, karakana nzima ikasimama. Ukaitia prizimu kwenye sanduku lake, ukaja wodini na aproni yako mwilini.

Jumapili, katikati ya chakula, uliweka kijiko chini.

"Ile ya mwisho sikuipima," ulisema.

Baba akakwambia huenda ni nzima. Chakula hukumaliza.

Jumatatu asubuhi ulikuta mzigo umeshapakiwa na masanduku yamechanganyika. Yaliyofuata alitusimulia dereva mwenyewe, siku ya msiba wako. Ulisimama mbele ya gari, ukasema kuna prizimu moja ambayo haikupimwa. Meneja akatoka mbio.

"Mama, gari linaondoka hili! Moja tu kati ya arobaini. Una hakika gani kwamba ni mbovu?"

"Sina hakika. Ndiyo maana nataka kuiangalia."

"Ukichelewesha mzigo huu, nitakuandikia barua ya onyo."

"Iandike, bwana. Wakati unaandika, mimi nitakuwa nimeshaanza na sanduku la kwanza."

Dereva akazima injini, akakunja mikono ya shati. "Mama, mimi nafungua, wewe pima."

Ulikuwa na woga, alisema. Aliona unafuta viganja kwenye aproni kabla hujagusa jiwe. Kisha moja baada ya nyingine uliiweka mbele ya taa pamoja na prizimu ya kupimia, ukaizungusha taratibu. Iliyo nzima hufika mahali ikazima mwanga wote, giza totoro. Thelathini ziliingia giza. Ya thelathini na moja ilibaki na ukungu wa kijivu. Nusu zake ulikuwa umeziunganisha kinyume. Mpimaji angeitazama hiyo na kumwambia mgonjwa jambo lisilo la kweli. Ukaitoa, ukaweka nyingine ya akiba, ukamalizia na zile tisa. Gari likaondoka saa saba mchana.

Barua ya onyo ilikuja kweli. Uliisoma kwa sauti wakati wa chai, ukimuiga meneja, mpaka Baba akapaliwa.

Siku ya kukuaga kazini, meneja alisimama mbele ya watu wote. Alisema tangu Jumatatu ile hakuna prizimu iliyotoka karakanani bila kupimwa na watu wawili. Halafu akasema, "Mama, ile barua nimeitoa kwenye faili lako."

Nawe ukamjibu, "Irudishe, mwanangu. Gari nililichelewesha kweli."

Watu walicheka, lakini yeye aliinama akakushika mikono yote miwili, na hakuiachia upesi.

Mama, huku hatujambo. Baba anakula vizuri na analala. Tumembembeleza ahamie kwetu, amekataa. Anasema nyumba bado imejaa maneno yako na hajamaliza kuyajibu.

Unakumbukwa na mumeo; wanao watatu: mwalimu, muuguzi na kitinda mimba wako; wakwe zako; dada yako mliyefanana sauti; wajukuu zako watano; na wenzako wote wa karakana.

Hutatutoka moyoni, Mama, leo wala siku zote.